Tunawaiga Waingereza Bila Kuwatazama



Neno langu ni moja tu. Sisi wanafunzi twawaiga Waingereza kila siku, tangu kengele ya alfajiri mpaka taa za bweni zinapozimwa, lakini hatujapata kuwatazama. Wazee wetu wachache waliofika kwao zamani waliwatazama kwanza, wakawapima, ndipo wakachagua la kuchukua na la kuacha. Sisi tumechukua bila kupima.

Huenda msomaji akauliza: Waingereza wako wapi hapa Idodi? Serikali yao iliondoka tarehe 9 Desemba 1961, hata wazazi wetu walikuwa hawajazaliwa. Ni kweli. Lakini hebu tuitazame siku yetu moja. Kabla ya chai twapanga mstari. Tuna viranja, wanafunzi wakubwa wenye amri juu ya wadogo. Mabweni yashindana kwa usafi na kwa mpira, na kanuni za kwanza za mpira huo ziliandikwa London mwaka 1863. Siku ya mjadala twamchagua mwenyekiti, mmoja atoa hoja, mwingine aipinga, kisha kura. Na mwezi wa Oktoba, jua la Idodi linapokausha hata majani ya miembe, twavaa tai shingoni. Mambo haya yote ni desturi za shule za Kiingereza, zilizobuniwa kwa ajili ya watoto wa nchi yenye baridi. Sisemi ni mabaya. Mengine ni mazuri sana. Nasema tu kwamba hatujui kuwa ni desturi za watu fulani. Twadhani ndiyo elimu yenyewe.

Lililonifanya nishike kalamu ni salamu. Katika vijiji vyetu mtu mzima husimama kusalimiwa. Utasema "Kamwene", naye ataitikia, kisha atakuuliza habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, za mpunga, za yule ndugu aliyekuwa mgonjwa. Nawe utamwuliza yake. Siku hizi mwanafunzi akirudi likizo hupita njiani akitupa "Good morning" begani kama mtu anayetupa ganda la muwa, na mzee hubaki amesimama peke yake. Nilimwuliza mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne kwa nini afanya hivyo. Akanijibu kwa fahari kwamba salamu ndefu ni kupoteza wakati, na kwamba Waingereza waliendelea kwa sababu hawapotezi wakati. Wenzetu waliokuwa karibu wakapiga makofi.

Nataka kumjibu mwenzangu huyo, na jibu langu ni kwamba hajawatazama Waingereza.

Sisi wa Idodi tuna bahati ambayo wanafunzi wengi hawana. Barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, yapita hapa kwetu, na kila mwezi wa kiangazi magari ya watalii hupita yakitimua vumbi. Wao hututazama. Hupunguza mwendo, hutoa kamera, hutuandika katika vitabu vyao. Sisi hupunga mikono tu.

Mwaka jana, likizo ya Juni, gurudumu la gari moja lilipasuka karibu na nyumba ya bibi yangu. Ndani mlikuwa na mzee wa Kiingereza na mkewe, pamoja na dereva wao, Mtanzania. Yule mzee alikunja mikono ya shati akamsaidia dereva kufungua nati, ingawa dereva alimsihi akae kivulini. Alimshukuru mtoto aliyeleta jiwe la kuzuia gari. Alinishukuru mimi kwa maji. Alimshukuru dereva kila alipopewa spana. Mdogo wangu alipomkanyaga mama yule mguu, mama ndiye aliyeomba radhi! Bibi akaleta vigoda na mahindi ya kuchoma, wakakaa karibu saa nzima. Mzee alizungumza nami juu ya joto, juu ya vumbi, akauliza kama mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Kisha wakashukuru tena, wakaenda zao.

Gari lilipopotea Bibi akasema: "Mtu huyu ana adabu sana, lakini hana habari."

Alikuwa na maana kwamba kwa saa nzima mgeni hakuuliza jina lake, wala ana watoto wangapi, wala babu yuko wapi. Nilimweleza kama nilivyosoma, kwamba kwa Waingereza kumwuliza mtu usiyemjua mambo ya nyumba yake ni kama kuingia bila hodi, na kwamba kunyamaza kwao ni heshima. Bibi hakuridhika sana. Akasema kwamba yeye alimheshimu mgeni kwa kumwuliza, na mgeni akamheshimu yeye kwa kutomwuliza, basi wakaachana bila kujuana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiri mazungumzo yale ya mvua. Waingereza wanajulikana duniani kote kwa kuzungumza habari za hali ya hewa, na wengi huwacheka kwa hilo. Mimi naona hiyo ndiyo salamu yao. Mawingu hayana mwenyewe, kila mtu aweza kuyataja bila kugusa nyumba ya mwenziwe. Sisi huulizana habari za watoto, wao huulizana habari za mawingu, lakini kazi ni ile ile: kumwonyesha mtu kwamba umemwona. Kwa hiyo si kweli kwamba wao hawana salamu ndefu. Mwenzangu ameiga neno la kwanza la salamu yao akaliacha lile lililobaki.

Na hili la kutopoteza wakati? Watu hawa husimamisha kazi kwa ajili ya chai ya saa kumi. Malkia Elizabeth wa Pili, aliyeupata ufalme tarehe 6 Februari 1952 akiwa hapa jirani nchini Kenya, alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, jeneza lake liliwekwa Westminster. Watu walipanga mstari wenye urefu wa kilomita nyingi kando ya mto Thames, wengine usiku kucha, ili wapite mbele ya jeneza kwa dakika chache tu, wainamishe kichwa, waondoke. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelazimishwa. Mtu anayesimama saa kumi na mbili katika baridi ili atoe heshima ya dakika moja, je, tutasema hajui kupoteza wakati? Yeye pia ana mambo ambayo kwake si hasara ya wakati. Sisi letu ni mzee njiani.

Tena, mambo yao si yote wanayoyafurahia wenyewe. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Nimesoma habari hii mara mbili nikidhani nimekosea. Nchi yenye magari moshi yapitayo chini ya ardhi, yenye vyuo vikuu vilivyoanza kabla ya mababu wa babu zetu, imeona kwamba watu wake wengi, hasa wazee, hukaa siku nyingi bila mtu wa kusema naye, hata jambo hilo likahitaji waziri. Siwacheki, naona ni uungwana kukiri ugonjwa na kuutafutia dawa. Lakini ni ajabu kwamba sisi twaitupa dawa tuliyo nayo wakati ule ule wao wanapoitafuta.

Sasa niwataje wazee waliotangulia kutazama.

Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa kwenda London katika sherehe ya kumtawaza Mfalme Edward wa Saba. Alifuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Walipofika, mfalme aliugua ghafla, na sherehe iliyopangwa tarehe 26 Juni ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Kwa hiyo wakapata wiki nyingi za kutembea na kutazama. Mukasa aliandika kwa Kiganda yote aliyoyaona, na kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa London mwaka 1904. Alistaajabia meli, magari moshi na majumba, wala hakuona haya kustaajabu. Lakini kila ajabu aliipima kwa vitu vya kwao ili watu wa nyumbani waelewe. Nadhani hilo ndilo linalotupungukia sisi. Tukistaajabu, twasahau kuchukua kipimo chetu.

Bibi mwingine aliyewaona Waingereza kwa karibu ni Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja. Aliolewa na Mjerumani, akakaa Ujerumani, akaandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1886. Humo aeleza jinsi mwaka 1875, akiwa mjane mwenye watoto watatu, alivyokwenda London aliposikia kwamba nduguye, Sultani Barghash, azuru huko. Alitaka kupatana naye. Bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimpokea kwa upole mwingi, akamtaka achague: aache kumwona nduguye, na watoto wake watatazamwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Sultani alipokwisha kuondoka, ahadi ile haikutimizwa. Salme alijifunza kwa uchungu kwamba sauti ya upole na neno la kweli ni vitu viwili.

Wala nisiwaonee. Mtu akitoka hapa Idodi kwenda Iringa mjini hupita karibu na Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza ndio waliolitia jambo hilo katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Wajerumani walirudishe fuvu katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Bila shaka Gavana alikuwa na hesabu zake za siasa, maana mtawala hafanyi sherehe kubwa bure. Hata hivyo neno lililoandikwa lilikumbukwa. Watu wale wale waliomdanganya mjane kwa maneno matamu walishika karatasi mpaka ikatimia. Ukiwatazama, utajua kwamba Mwingereza aulizwe kwa karatasi. Usipowatazama, utawaamini wote au utawachukia wote, na kote huko utapata hasara.

Najua kuna wenzangu watakaosema: basi tuwaache Waingereza na mambo yao, turudi kwa mababu. Hao nao wasikilize habari ya Malangali, ambayo si mbali, iko hapo Mufindi. Shule ya serikali ilifunguliwa Malangali mwaka 1928, na mwalimu wake mkuu, Bwana W. B. Mumford, alikuwa Mwingereza mwenye fikira mpya. Yeye hakutaka kuwageuza wanafunzi kuwa Waingereza weusi. Aliwavika nguo za kienyeji badala ya kaptura, akawaita wazee wa kabila wafundishe mila, akaweka ngoma na michezo ya mikuki katika ratiba. Aliandika habari zake katika jarida la wataalamu huko Ulaya mwaka 1930, na wengi wakamsifu. Lakini Waafrika wengi wa nyakati zile hawakuipenda elimu ya namna hiyo, nao walitaka elimu ile ile iliyowafanya Wazungu kuwa na nguvu. Jaribio lile halikudumu.

Habari hii yanipendeza kwa sababu imepinduka. Mwingereza asema vaeni mgolole, Mwafrika asema nipe kaptura na Kiingereza! Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu kosa la Bwana Mumford halikuwa katika mgolole, bali katika kuchagua yeye. Mila aliyochaguliwa mtu na mgeni huwa sare kama sare nyingine. Na sisi leo, tunapovaa tai bila kujiuliza, twavaa sare aliyoichagua mgeni mwingine, ila huyu hatumjui hata jina.

Aliyejua kuchagua, kwa maoni yangu, ni Martin Kayamba, Mbondei wa Tanga, aliyekuwa karani mkubwa wa serikali. Wakati ule Waingereza walikuwa wakifikiri kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na walowezi wa Kenya walitumaini kuwa na sauti kubwa katika muungano huo. Mwaka 1931 Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza ilitaka kusikia mashahidi. Kutoka Tanganyika walikwenda Waafrika watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Kayamba. Waliketi mbele ya mabwana wakubwa wa Bunge wakasema wazi kwamba watu wao hawautaki muungano na Kenya. Mwisho wa mwaka ule Kamati iliamua kwamba wakati wa muungano haujafika.

Kayamba akaandika kitabu, akakiandika kwa Kiswahili ili watu wa nyumbani wasome, kikachapwa London mwaka 1932. Jina lake ni Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Wasomaji wenzangu, litazameni jina hilo. Kwanza tulivyoona, kisha tulivyofanya. Waingereza wana desturi ya kuuliza mashahidi wa pande zote kabla ya kukata neno, hata kama mioyoni wamekwisha kuelekea upande mmoja. Watu watatu wa Tanganyika waliiona desturi hiyo, wakaingia kwa mlango wake, wakaitumia kwa faida ya nchi yao. Hawakuiga kitu. Wako watakaosema kwamba Kayamba aliwapenda Waingereza kupita kiasi, na kweli alipokea nishani yao. Lakini mtu hupimwa kwa alilosema siku alipoketi mbele yao.

Ndivyo alivyofanya baadaye Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hadi 1952. (Huko ni Uskoti, na Mskoti hapendi hata kidogo kuitwa Mwingereza, mwanafunzi akikutana naye ajihadhari.) Mwezi wa Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akawadai Waingereza uhuru kwa lugha yao wenyewe. Na mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya Shakespeare kwa Kiswahili. Alichokipenda kwao alikileta nyumbani kikaja kusema lugha yetu.

Hata Waingereza wenyewe wamefanya vivyo hivyo. Chai wanayojivunia ilitoka Uchina, na aliyeifanya ipendwe katika jumba la mfalme wao alikuwa malkia Mreno, Catherine wa Braganza, aliyeolewa mwaka 1662. Leo chai inalimwa Mufindi na kunywewa London, na hakuna Mwingereza anayeona kwamba amekuwa Mchina. Lakini hakuitupa lugha yake ili anywe chai.

Basi mimi nimejaribu kupima, kwa akili zangu za miaka kumi na saba. Mstari wa chakula naushika, kwa sababu unamlinda mdogo asisukumwe na mkubwa. Kushukuru kila mtu hata mtoto wa jiwe naushika, nao sisi tumepungukiwa kidogo, maana mara nyingi humshukuru mkubwa tu. Mjadala naushika kwa mikono miwili. Viranja nawaacha walipo, ila nataka wachaguliwe kwa kura, maana nchi tuliyoiga huko wananchi huchagua wabunge wao. Tai naiomba ivuliwe kuanzia Septemba mpaka mvua zinyeshe. Hata Mwingereza akija Ruaha huiacha kwao, sijamwona hata mmoja aliyeivaa. Kiingereza nitakisoma mpaka usiku, maana ndicho kitakachoulizwa katika mtihani wetu wa Novemba na katika mengi baada yake. Lakini salamu siibadili.

Nimemwomba mwenyekiti wa mjadala aiweke hoja hii muhula ujao: kwamba salamu ndefu ni kupoteza wakati. Mwenzangu wa "Good morning" amekubali kuitoa. Mimi nitaipinga, na nimepata ruhusa ya kumleta Bibi akae mstari wa mbele. Amesema atakuja, ila kabla ya kuketi atataka kwanza kumsalimia kila mwanafunzi, na tuko zaidi ya mia nne.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne